MAARIFA YA DUNIA: Udongo Mwekundu wa Nyeri na Udongo Mweusi wa Mwea

Mtu wa Nyeri aliyezoea udongo mwekundu, akinunua kiwanja Mwea penye udongo mweusi, huenda akachimba msingi kwa kipimo kile kile cha kwao. Nyumba huinuka vema, mabati yakapigiliwa, wageni wakala karamu. Mvua zikipita na kiangazi kikarudi, ukuta huanza kupasuka kutoka pembe ya dirisha, na fundi hulaumiwa kuwa ameiba saruji. Pengine fundi hana kosa. Chanzo chaweza kuwa kitu kidogo mno, nacho ni fuwele.

Fuwele ni nini? Twaa punje ya chumvi, uitazame kwa kioo cha kukuzia: mara nyingi utaona umbo la sanduku. Chembe za sodiamu na klorini zimepangwa ndani yake kwa safu na kwa zamu, kama miche ya kahawa shambani, ila safu hizi huendelea hata juu na chini. Kitu kigumu ambacho chembe zake zina mpango unaorudiwa hivi huitwa fuwele. Kioo cha dirisha, ingawa chang'aa, si fuwele, maana chembe zake hazina mpango huo.

Mwaka 1912 Mjerumani Max von Laue aligundua kwamba miale ya eksirei ikipita katika fuwele huacha alama zinazofuata mpango wa chembe. Mwaka uliofuata kijana Lawrence Bragg akaitumia kuujua mpango wa chumvi, na mwaka 1915 yeye na baba yake wakapewa tuzo ya Nobel. Kwa miale hiyo hiyo wataalamu walikuja kuona kwamba udongo wa mfinyanzi nao, kwa sehemu kubwa, ni fuwele ndogo zilizo kama kurasa za kitabu.

Hapo ndipo Nyeri na Mwea zinapoachana. Katika udongo mwekundu fuwele nyingi ni za jamii ya kaolini. Kila ukurasa una matabaka mawili, moja la silikoni na moja la alumini, na unene wake ni kama sehemu 7 za milimita iliyogawanywa mara milioni 10. Kurasa hizo hushikana kwa nguvu, maji yasipenye kwa urahisi. Udongo mweusi una montmoriloniti, iliyopata jina lake kwa mji wa Montmorillon, Ufaransa. Ukurasa wake una matabaka matatu, alumini ikiwa katikati ya silikoni mbili, na kurasa zashikana kwa ulegevu. Maji huingia kati yake, na nafasi ya sehemu 10 hufika 15 au zaidi. Zidisha hayo kwa mamilioni ya kurasa, nawe utaona kwa nini ardhi huvimba wakati wa mvua, kisha hunywea na kupasuka jua likiwaka.

Mlimani mvua nyingi huiosha silikoni na kuiteremsha. Kwenye tambarare maji hutuama, silikoni ikabaki. Mkulima wa mpunga hufurahi, kwa kuwa udongo uliovimba huziba nyufa na kushika maji, tena hushika chokaa na potasi kuliko ule mwekundu. (Wenye kahawa, msiache samadi!)

Mjenzi naye hapana budi auondoe udongo mweusi mpaka afike penye ardhi imara, ajaze maramu na kuishindilia, kisha ayaongoze maji ya paa mbali na ukuta.