TAHARIRI: Mita rahisi isimuue fundi wetu

Sisi tulioko Edgbaston, tunapofunga mizigo ya nyumbani, si ajabu kumtilia ndugu yetu fundi umeme mita ya dijitali ya bei rahisi. Nia ni njema, lakini tuangalie tunachopeleka.

Kwa betri ya gari inatosha. Hatari iko kwenye umeme wa nyumba, wa volti 230, hasa kwenye boksi kuu. Kiwango cha kimataifa, IEC 61010, kinataka hapo mita ya daraja la CAT III. Baadhi ya hizi rahisi zimeandikwa daraja hilo kwa wino tu: ndani mna fyuzi ndogo ya kioo, na tundu la ampea 10 halina fyuzi kabisa. Ikipiga shoti, moto humrukia aliyeishika.

Tena waya wake ukikatika ndani, mita husoma sifuri na fundi akadhani umeme haupo. Kabla na baada ya kupima, aijaribu kwanza penye umeme wa hakika.

Tunaziomba taasisi za viwango, Bara na Zanzibar, zizikague mita hizi madukani. Nasi tupeleke moja nzuri, si tano mbovu. Roho ya fundi haina spea.