Taa za Krismasi kwenye grili ziwe za volti 12

Kila Desemba, Moshi inapojaa magari ya kutoka Dar es Salaam na watu wakipanda nyumbani Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, meza yangu ya ufundi hujaa taa za Krismasi. Nyingine zimeingia maji ya mvua za vuli, nyingine zimetafunwa na panya, na nyingine ni nzima kabisa ila mwenyewe anataka zipunguzwe zienee baraza. Kazi hii naipenda. Lakini taa zinazozungushwa kwenye grili za madirisha, kwenye geti na kwenye kingo za mabati hazifai kubeba volti 230 za ukutani. Zibadilishwe ziwe za volti 12, na fundi yeyote wa mtaani mwenye mita na pasi ya kulehemu anaiweza kazi hiyo.

Tazama nyumba zetu zilivyojengwa. Dirisha lina nondo, geti ni la chuma, paa ni bati. Taa za bei nafuu zina waya mwembamba sana, na plastiki yake ukiiminya kwa kucha inabaki na alama. Ukiuzungusha waya huo kwenye kona ya nondo iliyochomelewa bila kupigwa msasa, upepo ukausugua hapo usiku na mchana, siku mvua ikinyesha grili nzima inaweza kuwa na umeme.

Mama mmoja wa Kibosho alikuja na taa zake ndani ya kiroba. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Baba, naomba uniangalizie hizi. Mjukuu wangu anasema dirisha linamtekenya." Nilizipitisha vidoleni polepole, zikiwa hazijachomekwa popote. Karibu na mwisho plastiki ilikuwa imechubuka kwa urefu wa punje ya mchele, waya uko wazi na umeshakuwa mweusi. Mtoto alikuwa anashika grili hiyo akiwa pekupeku kwenye sakafu iliyolowa. Nilimwambia, "Mama, hizi sikurudishii hivi zilivyo," naye akaniachia nizifanyie kazi.

Watu wengi wanadhani wako salama kwa sababu kuna kile kisanduku cha plastiki chenye kitufe cha kubadilisha mitindo ya kuwakawaka. Kile hakipunguzi umeme. Ndani yake kuna dayodi na swichi ndogo za kielektroniki zinazowasha na kuzima mistari ya taa, basi. Umeme unaotoka hapo kwenda dirishani ni ule ule wa ukutani.

Rekebisho ninalokutana nalo zaidi ni la kukata: taa zimezidi urefu, fundi anakata kipande, anaunga ncha, anafunga tepu nyeusi, zinawaka, analipwa. Hapo nawaomba mafundi wenzangu tusikilizane. Chukulia mstari wenye taa 50 nyeupe zilizounganishwa kwa mfuatano. Taa moja nyeupe ya LED inakula karibu volti 3, kwa hiyo zote zinakula 150, na volti 80 zilizobaki zinaishia kwenye rezista. Ukikata zikabaki 25, taa zinakula 75 tu. Rezista ile ile sasa inabebeshwa volti 155. Mkondo unaopita kwenye kila taa unakaribia mara mbili ya ule wa mwanzo, na joto la rezista linakaribia mara nne. Mteja atafurahi kwa sababu taa zimeng'aa kuliko zamani, atalala zikiwaka, na rezista iko ndani ya plastiki, juu ya pazia. Ndiyo maana nasema usihesabu taa, hesabu volti.

Kuzigeuza ziwe za volti 12 ni kazi ya mkono tu, haina siri. Unatupa kisanduku na plagi yake. Unagawa taa nyeupe vikundi vya tatu tatu: tatu zinakula volti 9, zinabaki 3 za rezista. Kila kikundi kinapata rezista yake na kinaunganishwa sambamba kwenye nyaya mbili, chanya na hasi; waya wa spika unafaa sana. Nyekundu na njano zinakula karibu volti 2 kila moja, kwa hiyo hizo unaweka tano tano. Mguu mrefu wa LED ni chanya, na upande ambao ukingo wa kichwa umechongwa bapa ni hasi. Ukigeuza moja, kikundi chake chote kinakaa giza.

Kwenye rezista nina msimamo. Hesabu ya darasani inakupa ohmu 150, mkondo wa miliampia 20. Mimi kwa taa nyeupe naweka 330. Mkondo unashuka hadi miliampia 9 hivi, na kwa baraza la nyumbani usiku jicho halilalamiki. Umeme ukikatika usiku wa mkesha, jambo tunalolijua, mtu atachukua betri ya pikipiki au ya sola aziunganishe hapo. Betri inayochajiwa inafika volti 14 na zaidi. Kwa ohmu 150, mkondo ungepanda kupita miliampia 30 na taa zingeanza kufa. Kwa 330 unabaki kama 16, hakuna kinachoungua. Anayetumia betri aweke na fyuzi ya ampia 1 karibu kabisa na nguzo ya chanya, maana betri ikipigwa shoti inachoma waya hadi nyumba.

Kwa umeme wa nyumbani, tafuta adapta ya volti 12. Nyumba nyingi zina moja imelala kwenye droo, imebaki baada ya ruta ya intaneti kufa. Taa 99 nyeupe ni vikundi 33, jumla kama miliampia 300 tu, kwa hiyo adapta ya ampia 1 inatosha na inabaki. Iwe nzima, haijapasuka, na ikae ndani pakavu. Kinachotoka nje ni zile nyaya mbili za volti 12, ambazo mtoto akizishika hata kama zimechubuka hazimdhuru.

Wale wanaochukia weupe mkali wenye ubuluu, na mimi ni mmoja wao, wapake kila taa rangi ya kucha ya chungwa, koti moja jepesi, waiache ikauke kabla ya kuwasha. Mwanga unakuwa wa joto, baraza linapendeza.

Najua nitaambiwa taa mpya ni rahisi kuliko kumlipa fundi kwa viungio vyote hivyo. Kwa bei ya dukani ni kweli. Ila taa hizo mpya zitarudi kwenye grili ile ile zikiwa na volti 230, na mwakani zitatupwa. Anayenunua mpya asome sanduku: zipo zinazokuja na adapta yake ya volti 24 au 31, achukue hizo hata kama zimezidi bei kidogo. Wauzaji nao waziweke mbele dukani, wamweleze mteja tofauti. Na mafundi tutoze gharama ya rezista na ya muda bila aibu, tukimwonyesha mteja kwa mita anacholipia.

Mwenye taa anazotaka zibadilishwe azilete Novemba. Ikifika tarehe 20 Desemba foleni ni ndefu, na vikundi 33 vinavyotakiwa kulehemiwa kimoja kimoja na kuzibwa visiingie maji sivifanyi kwa haraka, hata mteja akiwa amesimama mlangoni na gari linanguruma.