Samaki wa akwaria wabaki kwenye akwaria, Mto Ruvu tuuachie perege wake

Leo natoa maoni yangu kuhusu samaki wa mapambo, na najua wapo watakaobisha. Mimi nasema hivi: ukiweza kuwatunza nyumbani, wafuge. Ila usije ukawamwaga mtoni, hata mmoja.

Wale samaki wa bluu na njano wanaopendwa sana kwenye akwaria za Ulaya na Marekani, wengi asili yao ni Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Wa Nyasa wanaokaa kwenye miamba wanaitwa mbuna, jina la huko huko ziwani. Ni ndugu wa perege na sato, familia moja. Kwa hiyo mfugaji wa perege wa hapa Misugusugu asiwaone wageni.

Zingatia haya:

- Tangi la kioo la sm 100 kwa 40 kwa 50 linabeba lita 200. Kwenye tangi dogo mbuna wataumizana, maana wanagombea eneo.
- Panga mawe yenye mapango. Mawe ya chokaa ni mazuri, kwa sababu maji ya maziwa yale siyo ya uchachu, pH yake iko juu ya 7.5.
- Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kutumia. Badilisha robo kila wiki, siyo yote.
- Jike wa mbuna hubeba mayai na vifaranga mdomoni wiki 3 hivi. Mhamishie tangi lake, usimsumbue.
- Usichanganye aina zinazokaribiana. Utapata machotara.

Sasa tatizo ndo linaanzia hapo. Wakizaa vizuri, baada ya miezi michache tangi limejaa. Mtu anaona huruma, anabeba ndoo mpaka mtoni, au anawatia kwenye bwawa ambalo masika likifurika maji yanaishia Ruvu. Anajiona katenda wema. Hapana jamani!

Ruvu una perege wake wa asili, Oreochromis urolepis, ambaye yupo pia Wami na Rufiji. Sato wa kufugwa akitoroka anazaliana naye, na mbegu ya asili inaanza kupotea. Ikishapotea hairudi, na kesho tukitaka kuboresha perege wa mabwawani tutaitafuta wapi? Ziwa Victoria sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na walioleta walitaka samaki wawe wengi. Aina nyingi za furu zikatoweka.

Utaniambia mbuna hawezi kuishi kwenye tope la Ruvu. Wengi kweli watakufa. Lakini ndoo ile inabeba magonjwa pia, na kesho jirani atamwaga sato kwa hoja hiyo hiyo.

Kwa hiyo tenga madume na majike mapema. Waliozidi uza au wape wafugaji wenzako wenye akwaria. Wakikosa mtu, wape kuku. Bora kuku washibe kuliko mto uharibike. Na kabla ya kusafirisha samaki hai kutoka mkoa mwingine, mwone ofisa uvuvi wa halmashauri yako.

Kama una maoni tofauti, andika hapo chini tujadiliane.