Anayekausha Shamba Ana Dhima ya Maji Yake

Katika jimbo la Iowa, nchini Marekani, ipo ardhi nyeusi ambayo wakulima wa nchi nyingi huitaja kwa husuda, na ambayo, kabla mabomba ya kutoa maji hayajafukiwa chini yake, ilikuwa tindiga pana la majani marefu na madimbwi, ambalo msafiri mwenye akili alilizunguka na mkulima maskini alililaani. Leo ardhi hiyo huzaa mahindi na soya kwa wingi wa ajabu. Na leo hiyo hiyo watu wawili wanagombana juu yake, mkulima aliye juu ya mto, na mkazi wa mji aliye chini ya mto anayekunywa maji yatokayo shambani. Aghalabu ugomvi wao huhesabiwa kuwa ni wa mbolea, kana kwamba haki ingetimia siku ile mkulima atakapopunguza gunia moja. Mimi naona shauri hili linaanzia mbali zaidi, katika tabia ya udongo wenyewe. Na rai yangu ni kwamba aliyeukausha udongo huo kwa faida yake, pamoja na serikali iliyomhimiza kuukausha, wana dhima ya maji yanayotoka humo, wala dhima hiyo haiwaondokei kwa kuisingizia mbolea peke yake.

Zamani za kale barafu nene ilishuka kutoka pande za Kanada ikafunika sehemu kubwa ya nchi hizo, na ulimi wake wa mwisho katika Iowa ulifika mahali ulipo sasa mji wa Des Moines yapata miaka 14,000 iliyopita, kisha ukayeyuka. Katika mwendo wake barafu ile ilisaga majabali, ikachukua chokaa, kokoto, mchanga na vumbi laini, ikavichanganya bila kuchagua, na ilipoyeyuka ikavitua vyote pamoja. Mahali mchanganyiko huo ulipolaliwa na uzito wa barafu, ulishindiliwa hata maji yakawa hayaupenyi ila kwa taabu. Mahali maji ya kuyeyuka yalipokwenda kwa kasi yaliacha mchanga na kokoto. Na mahali yalipotuama yakafanya ziwa, yaliacha tope la mfinyanzi, nalo ndilo lililozaa kile kinamasi kikubwa cha kaskazini-magharibi ya Ohio, karibu na ziwa Erie, ambacho wahamiaji walikipa sifa ya weusi kwa jinsi misitu na matope yake yalivyowatisha.

Nchi iliyoachwa na barafu ni nchi changa, na huo ndio msingi wa mambo yote yanayofuata. Mito yake haijapata muda wa kuchimba mabonde na kuyaunganisha, na baina ya vilima vyake vifupi yamebaki mabwawa madogo yasiyo na mlango wa kutokea, ambamo mvua huingia ikangoja jua. Maji hayana njia ya kando kwa kuwa nchi ni tambarare, wala hayana njia ya chini kwa kuwa tabaka lililoshindiliwa limeyazuia. Mtu asidhani kwamba mvua imezidi huko, maana mvua ya Iowa ya kati kwa mwaka haishindi mvua ya Mombasa. Kilichopungua ni njia ya kuondokea.

Achimbaye shimo la kimo cha kifua katika udongo wa namna hiyo ataona mambo mawili yanayopingana. Juu, kwa kadiri ya dhiraa moja, atakuta udongo mweusi, laini, wenye vipande vya mizizi. Na chini yake, ghafula, rangi ya kijivu iliyofifia, yenye mabaka ya kutu yaliyofuata matundu ya mizizi ya kale. Sababu yake ni hii: udongo unapojaa maji hewa hufukuzwa, na vijidudu viishivyo ndani yake, vikikosa oksijeni ya kuvuta, huitafuta mahali pengine, kwanza katika nitrati, na baadaye katika chuma. Chuma kilichonyang'anywa oksijeni huyeyuka na kwenda na maji, kikaacha nyuma udongo usio na rangi. Na penye mwanya unaoingiza hewa kidogo hurudi kuwa kutu. Kwa hiyo hata mpimaji akija wakati wa kiangazi, shamba likiwa kavu na vumbi linapaa, hawezi kudanganywa, kwa sababu ukijivu ule na mabaka yale humshuhudia ya kuwa maji yalisimama hapo miaka mingi.

Wapimaji wa Iowa wamezipa aina za udongo huo majina, na mtu aweza kuzikuta zote katika shamba moja. Juu ya kilima yupo Clarion, ambaye maji humwacha kwa wakati wake. Chini kidogo yupo Nicollet, ambaye maji humkawilia. Na penye tambarare yupo Webster, ambaye maji humtawala. Watatu hawa ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa katika nyumba mbalimbali, kwani asili yao ni mashapo ya barafu ile ile, na futi chache za mwinuko ndizo zilizowatenga kwa sura na tabia. Shimoni kabisa hulala udongo uitwao Okoboji, uliofanywa kwa tope lililosombwa kutoka miinukoni. Na ukingoni mwa shimo hilo huzunguka ukanda wa udongo uitwao Harps, uliojaa chokaa, kwa sababu maji ya chini hupanda pale, jua likayakausha, na chokaa yake ikabaki. Mkulima humjua Harps hata bila ramani, maana soya iliyopandwa hapo hushindwa kupata chuma, majani yake yakawa manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani, na ukitazama kwa mbali utaona duara la manjano limezunguka bwawa ambalo halipo tena.

Sasa tuuangalie weusi ule wa juu, ambao ndio mali inayogombaniwa. Majani ya mbuga za Iowa yalikuwa na mizizi mingi iliyokufa na kuzaliwa upya mwaka hata mwaka, na kwa kuwa maji yaliinyima hewa, haikuoza upesi, bali ilijilimbikiza kwa maelfu ya miaka, pamoja na nitrojeni iliyomo ndani yake. Basi unyevu uliolaaniwa na mkulima ndio uliomwekea akiba. Na fauka ya hayo, unyevu huo huo ulikuwa msafishaji, kwani vijidudu nilivyovitaja, vikiinyang'anya nitrati oksijeni yake, huigeuza kuwa hewa ikarudi angani, na maji yaliyoingia mtoni baada ya kupita katika udongo wa namna hiyo yalikuwa yamekwisha kupunguziwa mzigo wake. Tindiga lilifanya kazi mbili kwa pamoja, ya kuweka akiba na ya kusafisha, na hakuna aliyelilipa ujira.

Simlaumu mkulima kwa kutaka kulikausha. Udongo uliolowa ni wa baridi wakati wa majira ya kuchipua. Huchelewesha kupanda katika nchi ambayo baridi kali itarudi tu. Ukikanyagwa na trekta hushikamana ukawa mgumu. Na mahindi yaliyoota humo hubaki na mizizi mifupi na rangi ya manjano. John Johnston, Mskoti aliyelima karibu na Geneva katika jimbo la New York, ndiye mtu ajulikanaye kuwa wa kwanza kulaza mabomba ya udongo wa kuchomwa chini ya shamba la Marekani, mwaka 1838, kwa mfano aliouagiza kutoka kwao. Na majirani walimcheka kwa kuzika vyungu ardhini, mpaka ngano yake ilipowanyamazisha. Sheria za 1849 na 1850 ziliyapa majimbo ardhi za vinamasi ili zikaushwe. Mwishoni mwa karne ya 19 James B. Hill wa Ohio alibuni mashine ya mvuke ya kuchimba mitaro. Na mwaka 1908 katiba ya Iowa ilirekebishwa ili wilaya za ukaushaji ziwe na nguvu ya kuchimba mifereji na kuwatoza wenye mashamba. Kutoka miaka ya 1780 hadi miaka ya 1980 Iowa ilipoteza takriban asilimia 89 ya ardhi zake oevu, na Ohio asilimia 90. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja mwenye tamaa, ilikuwa nia ya taifa zima, iliyotungiwa sheria na kuhesabiwa kuwa fakhari.

Lakini bomba likishawekwa, tabia ya udongo hugeuka. Hewa huingia mahali ilipokatazwa kwa maelfu ya miaka, akiba ile nyeusi huanza kuoza kwa haraka, na nitrojeni yake huwa nitrati, ambayo huyeyuka katika maji kwa urahisi wala haishikwi na udongo. Kama mimea ingekuwapo wakati huo ingeinywa. Walakini mahindi na soya hukaa shambani miezi michache tu, na mvua za majira ya kuchipua huikuta ardhi i tupu. Hapo maji huteremka na nitrati, huingia bombani futi tatu au nne chini, na hutokea mtoni bila kupita tena katika tope lile lililokuwa likiyasafisha. Hii ndiyo sababu nasema mbolea si mshitakiwa wa peke yake. Mbolea huzidisha, na anayeimwaga kupita kiasi ana kosa lake. Lakini udongo mweusi uliokaushwa na kuachwa tupu hutoa nitrati hata pasipo mbolea, na hukumu inayolisahau bomba imemwacha huru mshitakiwa aliye mlangoni.

Mji wa Des Moines hunywa maji ya mito Raccoon na Des Moines, inayopokea maji ya mabomba hayo. Sheria ya Marekani hairuhusu nitrojeni ya nitrati kuzidi miligramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa, kwa sababu nitrati ikizidi huizuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 mji umekuwa na mtambo wa kuiondoa, ambao gharama yake hulipwa na wateja wa maji. Mwaka 2015 shirika la maji la mji huo lilizishitaki wilaya za ukaushaji za kaunti tatu zilizo juu ya mto Raccoon, na mwaka 2017 shauri likatupwa, kwa msingi kwamba wilaya hizo hazidaiwi fidia na zimeundwa kwa kazi ya kukausha tu. Kiangazi cha 2025 wakazi wa mji na vitongoji vyake walikatazwa kumwagilia nyasi za nyua zao, ili mitambo iweze kumudu maji ya kunywa. Miongoni mwa waliokatazwa wamo Wakongo na Warundi wengi waliohamia huko, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili, na ambao hawana shamba wala bomba, ila ankara ya maji wanayo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa mchuma faida hula peke yake, na janga huliwa na jirani.

Najua majibu yatakayotolewa. Mwenye shamba atasema kwamba alinunua au alirithi ardhi ikiwa na mabomba, na ya kuwa mvua haitoki kwake; na maneno hayo yana ukweli. Lakini aliyerithi mali amerithi na deni lake, na hakuna msingi wa haki unaomruhusu mtu kupokea mavuno ya mfereji na kuyakana maji yake. Wengine watasema hiari yatosha. Mwaka 2013 Iowa ilitangaza mpango wa kupunguza kwa asilimia 45 nitrojeni na fosforasi ziendazo mtoni, na kwa mkulima mpango huo ni wa hiari. Na katazo la 2025 limetuonyesha hiari imetufikisha wapi. Wala haiwezekani kuitaka nchi irudi kuwa tindiga, kwani chakula cha watu kimeshikamana nayo.

Dawa zipo, nazo zote zina maana moja, yaani kuyarudishia maji ile kazi ya tindiga iliyokatizwa. Mahali bomba linapotokea huchimbwa handaki likajazwa vipande vya mbao, na vijidudu hula mbao hizo vikiigeuza nitrati kuwa hewa. Bomba huweza kupasuliwa maji yake yakasambaa chini ya ukingo wenye nyasi kabla ya kufika mtoni. Bwawa dogo la matete huweza kujengwa mahali mabomba ya mashamba mengi yanapokutana. Na shayiri nyeusi ikipandwa baada ya mavuno huifunika ardhi na kuinywa nitrati kabla haijateremka.

Basi naona wakati wa kuchukua hatua ni huu. Mabomba ya udongo ya karne iliyopita yanafikia mwisho wa umri wake, na wenye mashamba wanayabadili kwa mabomba ya plastiki yaliyolazwa karibu karibu zaidi na yenye nguvu zaidi ya kutoa maji. Kila bomba jipya liwekewe sharti, kwamba lisilazwe pasipo handaki la mbao, ukingo au bwawa la kuyapokea maji yake. Na gharama igawanywe kati ya mwenye shamba, aliyepata mavuno, na hazina ya umma, iliyomhimiza baba yake na babu yake kukausha. Wilaya za ukaushaji nazo zibadilishiwe sheria, ili chombo chenye uwezo wa kuchimba mfereji kwa nguvu na kuwatoza watu kodi kwa ajili yake kiwe pia na wajibu wa kujibu mahakamani kwa kile kinachopita mferejini.