Tuwaondoe Waharibifu Majumbani Bila Kuvuka Mipaka ya Allah

Kila sifa njema inamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zetu katika imani, kwenye uwanda wa Makonde, huko Newala na vijiji vya Mkunya, mavuno ya mahindi, mtama na makopa ni neema. Lakini neema hiyo ikishawekwa ndani huvuta panya, na panya humvuta nyoka. Kuilinda familia na riziki ni wajibu wa mwenye nyumba. Tunalohoji ni njia zinazotumika.

Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliruhusu kuuawa kwa viumbe watano wenye madhara, hata ndani ya Haram ya Makka. Panya na nge ni miongoni mwao, na baadhi ya mapokezi yanamtaja nyoka.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ina mipaka. Wapo wanaowasha moto vichakani ili kuwatoa panya na nyoka. Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alipoona makazi ya sisimizi yamechomwa alikataza, kwa kuwa adhabu ya moto ni ya Mola wa moto peke yake. Zaidi ya hayo, moto haujui mpaka wa shamba. Huteketeza mikorosho ya jirani aliyoilea kwa miaka, naye aliyeuwasha hubeba dhima ya haki ya mja.

Wengine hutawanya sumu mahali anapotambaa mtoto, au karibu na kisima cha kuvunia maji ya mvua, ilhali maji katika uwanda huu ni adimu. Paka akila panya aliyekula sumu naye huweza kufa, na panya waliosalia wakafurahi.

Kisha yuko bundi. Huyu hula panya usiku kucha bila ujira, nasi humuua tukidai ametumwa na wachawi! Mtume (S.A.W.) alikwishabatilisha itikadi za mikosi ya ndege, akiwemo bundi. Kumuua kwa hofu hiyo ni kuitia doa Tauhidi na kuwaneemesha panya.

Basi tufanyeje? Tufyeke majani kuzunguka nyumba, tuzibe matundu, tuinue ghala juu ya nguzo zilizozungushiwa bati, tufuge paka na tutege mitego. Mtego nao ukaguliwe kila asubuhi, kwani tumeamrishwa ihsani hata katika kuua. Si halali kumwacha kiumbe ateseke siku nzima.

Wazazi tuwafundishe watoto wetu kuwa kiumbe mwenye madhara huondolewa, hateswi. Tunamuomba Allah (S.W.) azilinde nyumba zetu na atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.