Kufunga Safari Si Kuifunga



Tulifunga safari hivi karibuni kutoka Mombasa, tukapitia Nairobi na Narok, hadi Kimulot katika milima ya chai ya Bomet. Tulifikia kwa binti wa jamaa zetu, ambaye mumewe ni mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Tulimkuta na huzuni. "Sheikh," alituambia, "mama hapokei simu zangu, wala sijui nimemkosea nini."

Chanzo kilikuwa insha. Bintiye alikuwa ameandika kwa Kiingereza habari za kurejea kwake kutoka likizoni Mombasa: "My grandmother saw me off." Mama, kwa fahari, akaipiga picha akaituma. Nyanya hajui Kiingereza, kijana wa jirani akafungua kamusi, akamsomea: "Nyanya yangu alinifukuza." Ajuza yule, aliyeamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri ya njiani, kisha akamshika mjukuu mkono hadi kituo cha basi, alivunjika moyo.

Kijana hakudanganya. "See off" ni kumsindikiza msafiri, na pia ni kumfukuza mtu. Kitenzi cha Kiingereza kikishikana na kijineno huzaa maana mpya, na pengine mbili. "Set off" ni kushika njia, lakini pia ni kulipua fataki. "Take off" ni ndege kuruka, na pia ni kuvua nguo. Maana hupambanuliwa na sentensi nzima, si neno moja.

Nasi tusiwacheke Waingereza. Twasema "kufunga safari" ilhali ndiyo kwanza twaianza! Mgeni aijuaye "funga" ya mlango na ya Ramadhani atajuaje kwamba hapa msafiri amekwisha kufunga mizigo yake na yu tayari kuondoka? Na "kung'oa nanga" twaambiwa hata abiria wa basi, asiyeiona bahari.

Tulimpigia nyanya kwa simu yetu, tukampa mjukuu. "Shikamoo nyanya. Niliandika kwamba ulinisindikiza." Kimya kikapita, kisha tukasikia kilio, na baada yake kicheko.

Enyi mama zetu, watoto wakijifunza maneno haya, wajifunze sentensi nzima, kisha wawasimulie habari ile ile kwa Kiswahili. Hivyo Kiingereza chao kitakuwa imara, na lugha ya nyanya zao haitawapotea. Nasi wakubwa, neno likituumiza, tumwulize aliyelisema kabla ya kumkatia simu. Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12, Mola wetu ametuamrisha kujiepusha na dhana nyingi. Undugu ni mzito kuliko kijineno.

Wabillahi tawfiq.