Nakili Kwanza, Ndipo Utengeneze Diski

Diski ya pili ya kompyuta ikigoma kufunguka, wengi hukimbilia kuitengeneza. Anayetumia Linux huandika amri ya fsck, akaiongezea herufi y ili kila swali lijibiwe "ndiyo" bila yeye kuulizwa, kisha akakaa kusubiri. Mara nyingi diski hufunguka, na kufunguka huko ndiko kunakotuponza, kwa sababu kunatufundisha kwamba njia hiyo ni salama. Si salama. Kwa shule, zahanati, ofisi za kata na vyama vya ushirika vilivyo mbali na maduka ya kompyuta, kama ilivyo Misima wilayani Handeni, diski iliyoharibika isiguswe na amri yoyote ya kutengeneza mpaka iwe imenakiliwa yote, hata kama kazi italala siku kadhaa.

Tuanze na kilichomo. Diski ya kwanza kwa kawaida hubeba mfumo wenyewe na programu zake. Ya pili hubeba kazi za watu: alama za mitihani, mahudhurio, hesabu za mazao ya wanachama, barua, picha. Mfumo ukifa, fundi anaupakia upya kwa saa moja, lakini alama za kidato cha pili hazipakiwi kutoka popote. Pamoja na hayo, diski hii yenye thamani zaidi ndiyo inayoangaliwa kidogo. Katika faili la /etc/fstab, linaloieleza Linux diski zipi za kupachika inapowaka, tarakimu ya mwisho ya kila mstari ndiyo inayoamua ukaguzi: 1 kwa diski ya mfumo, 2 kwa nyingine, na 0 kwa ile isiyokaguliwa kabisa. Aliyeongeza diski ya pili kwa mkono mara nyingi huweka 0, na kasoro ndogo iliyoanza leo inaweza kukaa miezi bila kugundulika. Juu ya hapo kuna umeme. Miezi ya mwisho ya mwaka 2023 Tanzania ilikuwa kwenye mgao wa umeme. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha na hali ikawa afadhali. Hata hivyo, hata uzalishaji ukitosha, mti ukiangukia nyaya kijijini umeme utakatika vilevile, na kompyuta isiyo na UPS itazimika katikati ya kuandika.

Hapo mtetezi wa Linux atasema mfumo wa faili wa ext4, ulio tayari kwa matumizi ya kawaida tangu Desemba 2008, una shajara inayoulinda umeme unapokatika. Ni kweli, ila tujue inalinda nini. Kwa mpangilio wake wa kawaida, shajara hiyo hutunza kumbukumbu za muundo tu: jina la faili, ukubwa wake, limekaa wapi. Yaliyomo ndani hayaandikwi humo. Mfumo unaweza kuwaka bila kosa hata moja huku jedwali la alama lililokuwa linahifadhiwa dakika ile likiwa limepotea. Na shajara isipotosha, fsck huingia kazini kama karani wa masjala anayetaka rejesta na rafu zilingane, basi. Jalada lisilo na namba halitafutii mwenyewe. Faili lililopoteza jina hutupwa kwenye folda ya lost+found likiitwa kwa tarakimu, mathalani #131204. Lililoharibika kupita kiasi hufutwa ili hesabu ikae sawa. Ile herufi y imekubali yote hayo kwa niaba ya mwalimu mkuu ambaye hakuulizwa. Diski itafunguka, fundi atalipwa, na katibu muhtasi atafungua folda moja akute mamia ya tarakimu zisizo na jina.

Hali huwa mbaya zaidi ikiwa si mfumo wa faili ulioharibika bali diski yenyewe inakufa. Programu ya smartctl huweza kuonyesha hilo mapema, kwa kutaja sekta zilizoshindwa kusomeka zinazosubiri kuhamishwa. Diski ya namna hiyo ina usomaji mchache uliobaki, na fsck huutumia kwenda na kurudi na kuandika juu yake. Programu ya ddrescue hufanya kinyume: husoma kwanza sehemu zilizo nzima, huruka mbovu, kisha huzirudia mwishoni, huku ikiweka ramani ya ilikofika. Umeme ukikatika, kazi huendelea ilipoishia. Nakala ikikamilika, diski ya asili iwekwe kabatini na matengenezo yafanyike kwenye nakala, ikiwa imepachuliwa, maana kuendesha fsck juu ya diski iliyopachikwa kunaweza kuharibu hata iliyo nzima. Kwanza fsck -n, inayoeleza makosa bila kuandika chochote. Kichwa cha mfumo wa faili (superblock) kikiwa kimekufa, kuna nakala zake ndani ya diski ileile. Kwa bloku za kilobaiti 4, ya kwanza huwa kwenye bloku ya 32768. Jaribio likishindwa, unanakili tena na kuanza upya. Aliyeanza kwenye diski ya asili hana pa kurudia.

Huu si utaratibu wa Ulaya tunaotaka kuuleta kijijini. Korogwe, wilaya jirani na Handeni, ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000. Miongozo ya kimataifa ya majaribio ya tiba inataka taarifa za utafiti ziwe na nakala rudufu za kutosha, kwa sababu huwezi kurudi nyuma ukampima mtoto homa ya mwaka jana. Mahudhurio ya mwanafunzi wa Misima na uzito wa mtoto wa kliniki vina sifa hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisipotee na zisiharibike. Tumezoea kuizungumzia kwa upande wa siri kuvuja. Upande wa kupotea tumeusahau.

Pingamizi zito ni la fedha: kunakili kunahitaji diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, na shule haina. Nalikubali, lakini si lazima kila shule inunue. Halmashauri za Handeni na Korogwe zina maofisa TEHAMA. Diski moja kubwa ya uokoaji kwa kila halmashauri, inayoazimwa kwa kusainiwa na kufutwa kabisa ikirudishwa, ingehudumia kata zote. Kutuma nakala kwenye mtandao pia ni jambo jema, ila huko ni kujikinga kabla. Hakuiokoi diski ambayo tayari imegoma. Wakurugenzi waliweke hili kwenye bajeti ijayo. Nawe mwalimu mkuu, mganga mfawidhi, katibu wa chama, kabla fundi hajaigusa diski, muulize nakala ataiweka wapi. Akikosa jibu, chukua diski yako uondoke nayo.